Exploitation ya Saba

"Rudilia tena," Nuru akasema.

Sylvestre akasimama sawasawa kama mwanafunzi mbele ya inspecteur. "Système d'exploitation, ya saba. Mémoire, nne. Kapasite, mia tatu na makumi mbili. Ndani nafasi imebaki kidogo sana. Ukifinya kifungo, kioo kinabaki cheusi, halafu inalia."

"Inalia namna gani?"

"Tiii, tii, tii."

"Hapana, Baba Chimène. Ya kwanza ni ndefu. Tiiiiiii. Halafu mbili fupi. Théophile atakuuliza hiyo, na ukilia vibaya atakuja na kipande kisichofaa."

"Miye nimetoka kwa wachimbaji, sasa unanifundisha kulia kama kifaranga."

"Lia tu."

Akalia. Mara hii ilitoka vizuri mpaka mbuzi wa jirani akageuza kichwa.

Mashini yao, ordinateur ya kukunja, ilikuwa imekufa siku ya soko, mbele ya watu waliokuja kupigwa picha. Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Kabambare: ubao mbele, shuka nyeupe ukutani kwa kuketisha wateja, na ile mashini juu ya meza kama mukubwa wa nyumba. Nuru alikuwa anaandika barua za watu na kutoa picha zao. Sylvestre alikuwa anachaji simu na panneau ya jua, tangu jiwe limuvunje muguu kule shimoni na kumuacha akichechemea. Sasa wateja walikuwa wanachungulia tu mulangoni, wanauliza "bado?", wanarudi.

Fundi wa karibu alikuwa Théophile, na karibu yenyewe ni Kasongo. Huyo alishamuambia Nuru wazi: "Musinipigie tena simu eti mashini imekufa. Hata marehemu iko na jina. Mukusanye kwanza renseignements zote, exploitation, mémoire, kapasite, inalia namna gani, na namba yake ya série. Nikijua yote, ninapanda pikipiki. Ile barabara siwezi kuipita mara mbili eti ju nilisahau kipande."

Namba ya série ilikataa kuingia kichwani mwa Sylvestre. Ilikuwa ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika kama nyanya na dagaa. Nuru akachukua bic, akamukamata mukono, akamuandikia kuanzia kiwiko mpaka pa saa.

"Ningeenda mwenyewe," akasema, akijishika kiuno. Mimba ilikuwa imeshuka, na mukunga alimukataza kupanda mahali popote. "Usiongeze maneno yako. Sema tu vile nimekuambia."

"Kwani miye naongezaka maneno?"

Nuru akafunika bic.

*

Tangu antena ipate ugonjwa, rezo ya simu ilikuwa inapatikana mahali pamoja Kabambare nzima: juu ya kichuguu kikubwa, nyuma ya uwanja wa kuanika muhogo. Watu walikiita Bureau. Mutu akikuambia anaenda Bureau, ujue anaenda kupanda udongo. Na pale juu hakuna siri. Ukiongea polepole, rezo inakukimbia. Ukipiga kelele, watu wote wa chini wanajua shangazi yako anaharisha.

Siku zile watu walikuwa wanapanda na kuongea maneno machache. Watu wenye bunduki walikuwa wamevamia shimo la Lubondo, wakachukua zahabu, wakaacha wachimbaji wamelala chini ambao hawakuamuka tena. Walifika siku yenyewe mchanga mzuri ulipotoka. Nani aliwaambia? Hilo swali lilikuwa linatembea sokoni, msikitini, kanisani, na kila mahali lilikuwa linaangalia wageni kwanza. Sylvestre alikuwa ameoa pale, amezaa pale, na mutoto wake Chimène alikuwa anasoma Kasongo kwa bibi yake. Watu walikuwa wanamuita shemeji. Lakini shemeji naye ni mutu aliyetoka mahali.

Alipanda Bureau akivuta muguu, akaomba pole kwa waliokuwa wanangoja. Wa kwanza katika mustari alikuwa Hemedi, jirani yao, muuza sabuni, mutu wa sala tano na woga kumi. Akasogea kando, akampisha.

"Allo! Théophile! Unanisikia?" Sylvestre alikuwa na sauti ya shimoni, ya kuita watu walio chini ya udongo. "Nimeleta renseignements! Andika! Exploitation ni ya saba! Ya saba, ndiyo! Kapasite mia tatu na makumi mbili! Hapana, ndani imebaki kidogo sana! Kidogo! Imekufa tangu soko!"

Hemedi akaacha kuhesabu tasbihi yake.

Ile exploitation, kwa Théophile, ni kile kitu ndani ya mashini kinachoiamusha asubuhi na kuiongoza siku nzima. Kwa Kabambare, exploitation ni kuchimba zahabu. Ukimuambia mutu wa Kabambare exploitation, haoni mashini, anaona shimo, mitaro, na watu wenye matope mpaka shingoni.

"Njoo na vyombo vyote!" Sylvestre akaendelea, na hapa aliongeza maneno yake. "Usisahau kitu! Barabara iko muzuri sasa, hakuna mutu atakusumbua! Nini? Ikilia? Sikiliza basi!"

Akajaza kifua pumzi.

"Tiiiiiii! Tii! Tii!"

Rezo ikakatika. Sylvestre akaangalia simu, akaipiga kofi kidogo, akalia tena mara mbili ju ya kuhakikisha. Halafu akashuka, akafungua mikono yake ili ajishike asianguke, na kila mutu aliona ile namba ya bic imemujaa mukono.

"Zamu yako, Papa Hemedi," akasema kwa kucheka. "Rezo iko na kiburi leo."

Hemedi hakupanda. Alibaki anaangalia ule mugongo unaochechemea kwenda barabarani. Kichwani mwake hesabu ilikuwa inajipanga yenyewe: exploitation ya saba, watu mia tatu na makumi mbili, walinzi wamebaki kidogo, barabara wazi, vyombo vyote, na mulio wa kupeana alama. Hemedi hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na mutoto wa ndugu yake kwenye moja ya yale mashimo. Akaweka tasbihi mufukoni, akaenda upande wa barrière, kwa vijana wa ulinzi.

*

Nuru alijua kitu kimeharibika kabla ya mutu kumuambia. Muuza ndizi wa mbele ya duka, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Halafu akaanza kukusanya ndizi zake haraka.

"Mama Chimène," akasema bila kuinua macho, "wamemukamata shemeji. Vijana wa ulinzi. Wanasema alikuwa anauza mashimo kwa simu."

"Anauza nini?"

"Miye sikusema kitu," muuza ndizi akasema, na ndizi zikaondoka.

Nuru akafunga duka. Kufuli akaiacha inaning'inia. Mutu wa kwanza aliyemufikiria ni Nabintu, mununuzi wa zahabu, mama mwenye muzani na maneno ya kutosha, anayetoka kule kwao na Sylvestre. Kila Noeli alikuwa anakula kwao. Nuru akamukuta nyuma ya nyumba, anafunga mizigo.

"Nabintu, twende pamoja. Weye unaijua zahabu. Uwaambie zahabu haihesabiwe vile. Weye watakusikiliza."

Nabintu akaendelea kukaza kamba ya mufuko. "Walisikiliza nini kwa Sylvestre?"

"Ni ndugu yako!"

"Njo mubaya yenyewe, dada. Nikienda kumusemea, hapana kuwa mutu moja tena. Tutakuwa wawili, na wawili ni kikundi." Hapo akamuangalia Nuru, na macho yake yalikuwa mekundu. "Weye ni mutoto wa hapa. Nenda na tumbo yako mbele. Labda wataogopa tumbo."

Nuru akasimama pale, mikono tupu. Alikuwa amezoea kukataliwa kulipwa. Kukataliwa hivi hakukuzoea. Akarudi dukani, akachukua mashini, akaifunga mugongoni na kitenge kama mutoto, na mbele akabeba yule mwingine.

*

Barrière ilikuwa bambu moja na hema ya plastiki. Sylvestre alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa nyuma kwenye muti wa hema, shati hakuna. Mudomo umevimba. Alipomuona Nuru akatikisa kichwa kama kumuambia rudi.

Mukubwa wa vijana alikuwa Iliasi. Nuru alimujua: njo seremala aliyetengeneza ule ubao wa duka, akakosea vipimo, akarudi akarekebisha bila kuomba kitu. Sasa watu walikuwa wanamuita Commandant. Penseli ya useremala bado ilikuwa juu ya sikio lake.

"Mama Chimène, rudi nyumbani."

"Commandant, ni mashini. Alikuwa anaongea ju ya mashini yangu."

"Anasema hivyo pia. Ngoja umusikie." Iliasi akainama kwa Sylvestre. "Carrière ya saba, hilo shimo, ni gani?"

"Hakuna carrière," Sylvestre akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Ni exploitation."

"Umesikia? Yeye mwenyewe anasema exploitation!" Kijana mumoja akapiga kofi pajani. "Na hii ya mukononi? Namba ya nini? Ya bunduki?"

"Ya série. Ya mashini."

"Mashini gani? Mashini-gan?"

Vijana wakacheka, lakini ile kicheko ilikuwa ya watu wanaoogopa. Kando ya hema kulikuwa pikipiki, na mumoja wao alikuwa anamimina mafuta ndani yake na chupa, polepole, asimwage. Nuru akaiangalia ile chupa.

"Mafuta ni ya kwenda wapi?"

Iliasi akamuvuta kando, akasema kwa sauti ya chini, karibu sauti ya zamani ya seremala. "Wakubwa kule porini wanatafuta aliyeuza Lubondo. Wametuma watu mara mbili. Wakikosa mutu, watasema ni sisi. Umeelewa? Jua likianza kushuka anaenda kwao. Nitamuombea, lakini weye uende nyumbani."

Nuru alielewa. Watu waliopelekwa porini, Kabambare ilikuwa inawataja na jina moja, mara moja, halafu hairudilii. Akafungua kitenge, akaweka mashini juu ya ile meza yao ya kuulizia watu.

"Onyesha basi hiyo exploitation," Iliasi akasema.

"Imekufa. Haifunguke."

"Kumbe! Mushahidi wako ni maiti?"

"Tumupigie fundi. Iko Kasongo. Muulize yeye."

Iliasi akafikiri. Akatoa penseli sikioni, akaizungusha, akairudisha. "Sawa. Lakini hutamuambia uko na nani. Hutamuambia bwana yako amekamatwa. Aongee mwenyewe, kama alivyo. Ukimufundisha neno moja, pikipiki inawaka."

*

Basi wakaenda Bureau wote, msafara mzima: Iliasi mbele, Sylvestre na kamba, vijana na bunduki na pikipiki yao, Nuru na tumbo na mashini, na nyuma yao watu ambao hawakuitwa. Hemedi alikuwa kati yao. Nuru akapanda kichuguu kwa mikono na magoti, tumbo likigusa udongo. Hakuna aliyemushika. Alipofika juu akaketi kati ya Iliasi na Sylvestre, akabonyeza namba, akaweka sauti iwe kubwa.

"Allo! Mama Chimène!" Nyuma ya sauti ya Théophile kulikuwa muziki. "Marehemu bado hamujamuzika?"

"Théophile." Akasogeza simu karibu na mudomo. "Nieleze. Ulimuomba Baba Chimène nini?"

"Si nilimuomba renseignements? Akanipa nusu, akakata. Mama, yule bwana yako anaongea kama mupelelezi! Namba, namba, halafu tiiii, halafu kimya! Nilicheka mpaka nikalala chini."

Hapa juu hakuna aliyecheka. Kijana mumoja akahamisha bunduki toka bega hili kwenda lile. Sylvestre akafunga macho.

"Muulize exploitation ya saba ni nini," Iliasi akanong'ona.

"Théophile, exploitation ya saba... ni nini?"

"Aa, nyinyi wenyewe njo muliniambia ni ya saba, sasa unaniuliza miye? Ile ni ya zamani. Watu wote walishaikimbia. Nikifika nitafagia yote iliyo ndani, nitaingiza mpya. Hautaona hata alama."

Alikuwa anasema ukweli mutupu, maskini, na kila neno lilikuwa linamuongezea Sylvestre kamba. Kufagia wote walio ndani na kuingiza wapya, watu wa Kabambare waliishaiona na macho yao. Chini ya kichuguu mama mumoja akaanza kuomba. Iliasi akainua mukono kwa yule wa pikipiki.

Nuru hakufikiri. Alisema haraka, kabla ule mukono haujashuka: "Usikuje, Théophile. Mashini iko hapa mbele yangu. Niambie kitu cha kufanya sasa hivi, na mikono yangu mwenyewe."

"Umepanda nayo Bureau? Na ile tumbo? Ni haraka ya nini?"

"Niambie tu, ndugu yangu. Nakuomba."

Kitu katika ile sauti kilimugusa. Muziki ukazimwa kule Kasongo.

"Bon. Igeuze. Toa betri. Umetoa? Iko kamlango kadogo na visi mbili za kuzungusha. Fungua."

"Sina tournevis." Nuru akainua macho. "Kisu. Nani iko na kisu?"

Kijana mumoja, mwenye uso bado laini, akachomoa kisu chake. Sylvestre akaona kisu kinatoka, akaruka na kamba yake kama kuku, akaanguka ubavu. Yule kijana akamupita, akampa Nuru kile kisu na mpini mbele.

Visi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikazunguka bila kutoka, halafu ikatoka, ikapotea ndani ya majani. Ndani ya kamlango kulikuwa kibao kidogo cheusi kimelala.

"Njo mémoire hiyo, barrette. Vuta masikio yake pande mbili, itajiinua."

Ikajiinua. Na pa mwisho wake, meno madogo yakang'aa juani.

"Zahabu!" kijana mumoja akapiga kelele. "Commandant, barrette ya zahabu! Yeye mwenyewe amesema barrette!"

Watu wakasukumana. Vidole vikatoka pande zote. Nuru akaifunga ile barrette ndani ya ngumi, akaiweka kifuani.

"Nani huyo anasema zahabu?" Théophile akauliza ndani ya simu. "Ni kweli, walipaka kidogo. Lakini ukiyeyusha mashini zote za Kasongo, hautapata hata pete ya panya. Mama, muambie huyo mutu aende shambani. Tafuta gomme, ile ya kufutia. Panguza yale meno polepole."

Gomme. Juu ya kichuguu, katikati ya bunduki, gomme ya wapi? Macho ya Nuru yakatembea uso kwa uso, yakafika sikioni mwa Iliasi. Pa mwisho wa ile penseli kulikuwa kichwa chekundu cha gomme, kimeliwa nusu.

"Commandant," akasema. "Penseli yako."

Iliasi akajigusa sikio. Akasita, kama mutu aliyeombwa suruali mbele ya watu. Akaitoa.

Nuru akapanguza. Akapuliza. Akarudisha barrette mahali pake, akarudisha betri, akafinya kifungo, na ndani ya moyo akasema Mola, ifunguke, nakuomba, ifunguke.

Kioo kikabaki cheusi.

"Tiiiiiii. Tii. Tii."

Imekataa. Imelia tu, kama jana, kama juzi. Nuru akaweka mikono juu ya tumbo, hakuweza kumuangalia bwana yake.

"Njo hiyo!" Ilikuwa Hemedi, kule chini, kofia imemukaa upande. "Njo hiyo yenyewe! Njo vile alilia!"

Mashini ikalia tena, peke yake, ndefu moja, fupi mbili. Na Sylvestre, akiwa amelala ubavu, mate ya damu mudomoni, akaitikia kwa sauti ndogo: "Tiiiiiii. Tii. Tii." Sawasawa. Hakukosea hata kidogo.

Mama aliyekuwa anaomba akaguna, halafu ile kuguna ikawa kicheko, na kicheko kikashika wengine. Hata kijana wa kisu akaficha uso katika mukono. Kama Nuru angeitengeneza vizuri, mashini ingeamka bila mulio, na nani angeamini?

Iliasi hakucheka. "Kulia ni kulia," akasema. "Exploitation iko wapi?"

"Umesukuma mpaka ikafanya tak?" Théophile alikuwa anauliza. "Kama haikufanya tak, haikuingia. Rudi."

Nuru akarudi. Akasukuma na dole gumba mpaka kucha ikauma. Tak. Akafinya kifungo. Mara hii hakuna mulio. Maandishi meupe yakatoka juu ya kioo, lakini jua lilikuwa kali, hakuna kilichosomeka. Nuru akavua kitenge, akakitupa juu ya mashini na juu ya kichwa chake kama watu wanavyojifukiza mvuke.

"Ingia," akasema ndani ya kitenge. "Soma mwenyewe."

Commandant akaangalia watu wake. Akapiga magoti, akaingiza kichwa. Watu waliona tu migongo miwili na kitenge cha maua, na wakasikia sauti ya mwanaume anayesoma kwa kutafuta, kama mutoto wa shule: "Choi-si-ssez... le sys-tème... d'ex... d'ex-ploi-ta-tion..." Akarudi mwanzo. Akasoma tena. Chini yake kulikuwa na jina, na ndani ya jina ile saba.

Alipotoa kichwa, jasho lilikuwa linamushuka, na hakuangalia mutu.

"Mukate kamba," akasema.

"Allo?" Théophile akaita. "Mama Chimène? Imefunguka? Mbona munanong'ona? Allo?"

Iliasi akachukua simu, akaikata. Halafu akafunga mashini, akaiweka chini ya kwapa.

"Commandant, hiyo ni mashini yangu. Hiyo njo tunakula."

"Bwana yako anaenda nyumbani. Mashini inabaki kwetu, wakubwa wakiuliza niwe na kitu cha kuonyesha." Akashuka hatua moja, akageuka. "Ama unataka tubadilishane?"

Nuru akageukia bwana yake. Sylvestre alikuwa anajaribu kusimama, mikono imekufa ganzi, na hakuna aliyejua kama inafaa kumusaidia. Hemedi njo alimushika, akamuinua kwapani. "Shemeji," akasema, "pole. Ni masikio. Masikio ni mabaya." Sylvestre akasema "haina neno, Papa Hemedi," na akamuegemea mpaka chini, ju muguu ulikuwa umekataa na hakukuwa na bega ingine.

*

Asubuhi mutu akabisha mulango. Sylvestre, aliyekuwa anakunywa uji upande moja wa mudomo, akaacha kikombe na kwenda nyuma ya pazia bila kuambiwa. Nuru akafungua.

Ilikuwa kijana wa kisu. Alisalimia vizuri, shikamoo mama, akavua hata kofia. Bunduki ilikuwa mugongoni.

"Commandant ananituma. Mashini imefunguka mpaka ndani. Sasa inaomba mot de passe, lile neno la siri. Anasema unipe, nitaibeba ndani ya kichwa."

Nuru akashika muimo wa mulango. Ndani ya ile mashini mulikuwa nyuso za nusu ya Kabambare, mbele ya shuka nyeupe, na majina chini yao: wachimbaji, walimu, Nabintu na muzani wake, mama wa ndizi, Chimène na sare ya shule. Picha na picha. Akajua wale watu wataangaliwa na nani kule porini.

"Muambie nimesahau."

Kijana akainamisha kichwa. Hakukasirika. "Nitamuambia, mama. Lakini alisema ukisahau, nimulete Papa Sylvestre akumbuke."

Nyuma ya pazia hakuna kilichotikisika. Hata pumzi haikusikika. Mutoto tumboni akageuka, akasukuma na muguu.

"Ni neno moja," Nuru akasema. Aliliweka siku ya kwanza walipoinunua ile mashini, alipokuwa anaogopa hata kuigusa. "Siogopi."

"Najua hauogope, mama. Lakini neno?"

"Njo neno lenyewe. Siogopi. Herufi ndogo zote, bila kuacha nafasi."

"Si... o... go... pi." Kijana akalirudilia na vidole, asikosee. "Iko na h?"

"Haina."

"Aksanti, mama."

Akavaa kofia, akashuka barabarani akilirudilia kwa sauti ili lisimutoke, siogopi, siogopi, mbele ya milango ambayo ilikuwa inafungwa moja moja. Nuru akabaki ameshika muimo.

"Ameenda?" Sylvestre akauliza nyuma ya pazia.

Lile neno bado lilikuwa linasikika.